Kitabu Nilichokipiga Pasi

Juzi umeme ulipotea Voi tangu asubuhi, jirani yangu akatoa pasi yake ya makaa. Mimi nilikuwa pale ninapopatikana siku zote, yaani kitini kwangu, mlango wazi, miguu juu ya kigoda. Akaanza kunyoosha bahasha za kaki zilizonyeshewa ili azitumie tena. Harufu ya karatasi nene yenye unyevu ikikutana na chuma cha moto ikanifikia, nikasimama. Jirani alishtuka, maana kuniona nimesimama kabla ya chai ya saa kumi si jambo la kila wiki. Nikamwambia ni moshi umeniingia machoni.

Ninyi nitawaambia ukweli.

Dada yangu Wakesho alipoteza macho kwa surua akiwa na miaka sita. Akasoma shule ya wasioona, mbali, mpaka figo zikaanza kumsumbua akarudishwa nyumbani, kitandani. Alikuwa na miaka kumi na tano. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Mhudumu wa maktaba, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alipopata habari aliagiza kitabu cha breli kutoka mbali. Kilikuja kimoja tu, kikubwa kama sinia ya mandazi, karatasi nene ya kaki, nukta zimejaa kama vipele vya joto. Tulipewa mwezi mmoja. Kuna mtoto mwingine alikuwa anakingoja.

Kilikuwa kisa cha msichana aliyepotelewa na punda wake, akawa anamtafuta na kamba mkononi. Kila alasiri mimi nilimpepea Wakesho kwa kipande cha katoni, naye akanisomea, vidole vikitambaa polepole kama siafu waliobeba mzigo. Akifika patamu, ananyamaza.

"Soma kidogo tu, dada."

"Si ulisema mkono wako umechoka kupepea? Basi hata vidole vyangu vimechoka."

Siku moja nilimsikia akimwambia mama, "Nikimaliza hiki, hata mkinirudisha hospitali nitakuwa na kitu cha kufikiria." Alikuwa akijipimia mwisho ule kama mtu anayepima sukari ya mwisho ndani ya mkebe.

Jumamosi moja zilibaki kurasa chache, na Jumatatu kitabu kirudi. Mama alikuwa amemaliza kupiga pasi nguo za kanisa, akaenda sokoni kuuza kabichi zake za Wundanyi. Kitabu kilikuwa mkekani barazani, kimefunguliwa palepale tulipoachia.

"Kamburi," Wakesho akaniita kutoka chumbani, "niingizie kitabu. Nasikia upepo wa mvua."

"Nakuja!"

Sikwenda. Nilikuwa na sufuria ya ukoko wa wali kati ya magoti, na mvua ya Voi nani huiamini?

Ikanyesha. Nilipofika barazani na mdomo umejaa, Wakesho alikuwa ameshachukuliwa na usingizi, na zile kurasa za mwisho zilikuwa zimevimba na kujikunja kama majani ya mgomba. Mhudumu wa maktaba alikuwa ametuambia kitabu kirudi kikavu, kisiwe na mkunjo. Sasa, nyumbani kwetu kila kilichokunjamana kilitibiwa kwa pasi. Mama alipiga pasi hata majalada ya madaftari. Makaa yalikuwa bado na moto. Nikatandika kitambaa, nikanyoosha ukurasa baada ya ukurasa, nikikaza mkono kama ninayenyoosha kola. Nukta sikuzihofia. Nilidhani ziko kwenye karatasi kama tundu la kifungo lilivyo kwenye shati, ambalo hulifuti kwa pasi. Nilipomaliza nilijisifu mwenyewe, kwa sauti.

Wakesho alipoamka nikampangia mito, nikamwekea kitabu mapajani. Vidole vyake vikaenda, vikarudi mwanzo wa mstari. Vikaenda tena, vikarudi.

"Kamburi. Umekifanya nini?"

"Kilinyeshewa kidogo tu. Nikakipiga pasi."

Akageuza ukurasa, akapapasa, akageuza mwingine. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Umekinyoosha kweli. Hata shati la mwalimu mkuu halijawahi kunyooka hivi."

Nilifurahi sana kusifiwa.

"Na bado kinasomeka?"

"Kaa chini, ufunge huo mdomo wenye ukoko."

Akasoma. Siku hiyo vidole vyake vilikwenda mbio kuliko siku zote, na kisa nacho kikaenda mbio. Punda alikuwa amevuka nyika mpaka Kishushe, kwenye nyumba yenye mlango wa buluu, na shangazi mmoja akimnywesha maji kwa karai lililotoboka, kidole chake kimeziba tundu.

"Kishushe yetu hii?"

"Kwani unajua nyingine?"

Msichana akamfunga punda kamba, wakarudi nyumbani. Jumatatu nilitangazia darasa zima kwamba Kishushe imeandikwa kitabuni.

Mama ndiye aliyekirudisha. Alipotoka maktaba, alikoonyeshwa zile kurasa, aliitazama pasi, akanitazama mimi, akafungua mdomo. Wakesho akamwahi kutoka kitandani: "Mama, mwache. Kitabu tulikimaliza."

Alifariki likizo iliyofuata. Tukampandisha milimani, tukamzika kwa babu.

Nilipokuwa kidato cha pili, tuliletewa msichana asiyeona. Nikagusa kitabu chake, nikabonyeza ukurasa kwa kidole gumba. Akanipiga mkono. "Usibonyeze! Nukta zikilala, hakuna maneno tena." Nilikaa pale darasani, naona mlango wa buluu. Ulikuwa mlango wa shangazi yetu wa Kishushe, ambako Wakesho alikaa likizo yake ya mwisho akiwa na macho. Mimi nilikuwa nimeupita kwa shangazi mara mia bila kuutambua, kwa sababu ule wa kisa nilidhani ni wa kitabuni.

Baadaye nilikipata kisa kile maktaba, cha maandishi ya kawaida. Nikasoma kurasa za mwisho nimesimama. Punda hapatikani. Msichana anarudi na kamba yake. Huo ndio mwisho aliojipimia mwezi mzima, nami nikamnyima kwa ajili ya ukoko. Naye, badala ya kunisemea kwa mama, akanipa punda.

Jirani alipomaliza bahasha zake aliniuliza kama nina nguo, makaa bado yapo. Nikamwambia hapana, asante. Mtaa mzima unajua natembea na nguo zilizokunjamana, na wanasema ni uvivu. Uvivu upo, siukatai.