Mchwa wa Gitaa Nyeusi

Naandika haya mikono bado inaniwasha. Miaka ishirini nimetengeneza gitaa hapa mtaani Obunga, na nilikuwa najivunia jambo moja: nikigonga gitaa kwa kidole, nakutajia mti wake.

Wiki iliyopita Mzee Okumu aliniletea gitaa nyeusi tii ya mwanawe, aliyefia ng'ambo. Mwili ulikuwa umefika, na Jumamosi tungezika kijijini kwao, Pap Onditi. Alitaka niing'arishe, ipigwe kabla ya kuzika.

Niligonga. Ikalia kama kengele.

"Mpingo huu, Mzee," nikasema, kama mtu aliyeupanda. "Nitatoa hii rangi, mtaona mbao yenyewe."

Nikazima kaseti niliyokuwa nikisikiliza, nikapiga msasa. Vumbi jeusi likatoka, mbao haikuonekana. Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikaongeza nguvu, mpaka kidole kikapenya ndani.

Matangani niliirudisha mbele ya watu wote, kichwa nimeinamisha.

"Pole, Mzee. Mchwa walikuwa wameila kutoka ndani. Mimi nimejaribu tu."

Mzee akaanza kulia upya. Mama mmoja akanisogezea kiti, akanishukuru kwa kusema ukweli. Ndipo mjane wa marehemu, aliyekuja na mwili, akaichukua gitaa, akapitisha kidole kwenye lile tundu, kisha akatazama kucha zangu zilizojaa vumbi jeusi.

"Fundi," akasema polepole, "mume wangu aliiunda mwenyewe, kwa nyuzinyuzi za kaboni na gundi. Haina mbao hata kijiti. Sasa hao mchwa walikula nini?"