Chupa ya Serumu Juu ya Kitanda cha Mama

Mama yangu hajawahi kuvuta sigara hata moja, na kwa sababu hiyo kila daktari aliyemuuliza "unavuta?" aliridhika na jibu, akafunga maswali. Hakuna aliyemuuliza alipikia wapi. Angeulizwa angeeleza: mtaani kwetu Katuba, chini ya mabati, juu ya mbaula, majiko ya makaa tunayoyaita makala, na makala yakikosekana, juu ya kuni mbichi, akiwapikia mafundi wa karakana bukari, ugali wetu, na samaki, tangu nilipokuwa mgongoni mwake hadi nilipokuwa mwalimu. Moshi ule ndio ulionisomesha. Yeye ulimkaa kifuani.

Alipoanza kukohoa asubuhi, tulisema ni baridi ya mwezi wa sita. Alipoanza kusimama katikati ya uwanja kutafuta pumzi, tukaenda kwa daktari wa mtaani kwetu. Ni mtu mwema yule, nisimsingizie. Kila Mama alipobanwa, alimlaza, akamtundikia serumu, ile chupa ya maji yanayodondoka polepole hadi mkononi, akaongeza sindano na vidonge vya kuua vijidudu, hata siku ambazo hapakuwa na homa wala makohozi machafu. Mama alirudi nyumbani uso unang'aa. Majirani wakija kumpa pole, swali lao la kwanza lilikuwa lile lile:

"Balimutundikia?"

Huku kwetu mgonjwa asiyetundikiwa hakutibiwa. Ukitoka hospitali na pakiti ya dawa tu mkononi, watu wanakuhurumia mara mbili.

Mwishowe nilimpeleka mjini. Daktari wa kule alimfanya apulize kwenye mashine, akatuambia ni ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu. Hauponi, alisema, lakini unaweza kuzuiwa usizidi: pompe, kile kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo, kila siku, mgonjwa ajisikie vizuri au vibaya, kuachana na moshi, sindano na vidonge vingine vibaki kwa siku za shida kweli. Serumu hakuitaja kabisa. Alinionyesha mwongozo anaoufuata, na hapo hasira zikanipanda, maana mwongozo ule ule niliwahi kuuona kwa daktari wetu wa mtaani, umebandikwa ukutani juu ya kiti chake. Nilirudi Katuba moja kwa moja hadi mlangoni kwake.

"Docteur, hii protocole iko hapa ku mur. Juu ya nini hauifwatake?"

Hakukasirika kwa kuulizwa kwa nini haufuati mwongozo. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti lake jeupe.

"Madame, naijua. Lakini nikimupatia Mama pompe bila sérum, ataitupa ku kabati, ataenda kwa mwingine mwenye atamutundikia. Afazali abakie na miye."

Jambo lililoniudhi ni kwamba alisema kweli. Pompe ya mjini ilikuwa imeshalala kabatini chini ya vitenge. "Pompe iko ya bale benye banaisha," Mama alikuwa ameniambia, yaani ni ya watu wanaokaribia kufa, kwa sababu jirani yetu mmoja alikufa ameishika mkononi.

Sikumwachia daktari nafasi ya kupumua. Nilimng'ang'ania kama ninavyong'ang'ania wanafunzi wangu, mpaka akabuni njia yake mwenyewe. Kila mwezi Mama angekuja atundikiwe chupa ndogo ya maji ya chumvi, naye angemwambia kwamba serumu ile haifanyi kazi bila kuvuta pompe kila asubuhi. Hakuna mwongozo wenye maneno hayo. Nilikubali, tena haraka.

Na mambo yakaenda. Mama alivuta pompe kwa bidii, akamwachia mpwa wangu, tunayekaa naye, kazi ya mbaula, akaanza kufika kanisani bila kusimama njiani. Aliisifu serumu kwa kila mtu. Mimi niliuchukia uongo ule na kuushukuru kwa pamoja, na usingizi wangu haukuwa mzuri.

Kisha mishipa yake ikagoma. Daktari alichoma hapa, akachoma pale, mkono ukavimba, Mama akang'ata midomo. Daktari akaona aibu, akaweka sindano chini.

"Mama, leo tuache. Uendelee na pompe tu."

Mama alirudi nyumbani, na toka siku ile hakuigusa pompe. Nilijilaumu, nikamlaumu na daktari: si tulimwambia wenyewe kwamba moja haifanyi kazi bila nyingine? Haukupita muda mrefu, akawa anakaa kitandani ameinamia mbele, mikono magotini, midomo rangi ya majivu, anachagua maneno kwa sababu pumzi haiyatoshi. Niliogopa kwelikweli. Niliona ninamzika mama yangu kwa ajili ya maji ya chumvi.

Asubuhi moja, kabla ya kwenda shuleni, nikamwambia ukweli.

"Mama, ile sérum ilikuwa maji na chumvi. Haikukuponesha. Pompe njo ilikusaidia."

Nilitegemea alie, au anifukuze chumbani. Alisubiri pumzi irudi.

"Najua," akasema. "Nilipikia bantu maisha yangu yote. Maji na chumvi, minaijua."

"Sasa juu ya nini unaacha pompe?"

Akapumzika tena. Nilisikia kifua chake kikipiga filimbi.

"Wakati sérum inaanguka, docteur anaikalaka pembeni yangu. Anaangalia chupa, ananiuliza kama nililala. Na weye unaikalaka, unanishika mukono nisiutikise." Akafumba macho kidogo. "Pompe, munanipatia, munaenda."

Mkoba wa shule ulikuwa begani mwangu, na mguu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti.