Mahema Hayakufika Takawiri

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nikiwa karani wa duka la kukodisha mahema na viti vya matanga pale Homa Bay. Tulikuwa na kompyuta mbili, yangu na ya Beatrice wa kaunta, zote zikitumia faili moja la oda: nani anazika, wapi, lini. Asubuhi hiyo majina yakaanza kutokea yamevurugika. Programu ikasema faili limeharibika, ikauliza kama nataka lijengwe upya. Nami na cheti changu cha kompyuta cha miezi mitatu, kichwa kimevimba, nikabonyeza ndiyo. Sikulinakili. Hata Beatrice sikumwambia atoke kwenye programu, naye alikuwa bado anaingiza oda. Majina yakanyooka, nikaenda zangu kunywa chai.

Ijumaa mchana mzee mmoja akapiga simu. Alikuwa anamzika mkewe kesho yake kisiwani Takawiri.

“Nyathina, mwanangu, boti inangoja hapa Mbita. Hema ziko wapi?”

Nikatafuta jina lake. Halikuwepo. Programu ilikuwa imetupa kila oda iliyoshindwa kuisoma, nasi tulikuwa tumeshatoa mahema yote kwa watu wengine.

Mama Auma, mwenye duka, hakunigombeza.

“Kopi ya hiyo faili iko wapi?”

“Sikufanya, mama.”

“Basi wewe ndio utamwambia mzee. Si mimi.”

Nilimwambia. Jumamosi nikavuka na viti vichache vilivyobaki. Walimzika mama yule chini ya maturubai ya kuanikia omena, yakinuka samaki. Mzee akanishika mkono, akaagiza nipewe chakula. Heri angenitukana. Ugali ule sikuumaliza, na mpaka leo naona aibu.

Sasa Jumatatu unaanza kazi kwenye kompyuta ya watu. Faili likiharibika, usiguse kitu. Kila mtu atoke kwenye programu kwanza, hata bosi, anune akitaka. Linakili, nakala uiweke mbali na mashine hiyo. Kisha tengeneza nakala nyingine ujenge upya hiyo, lile la asili liache jinsi lilivyo. Ukimaliza, linganisha oda za kabla na za baada, jina kwa jina. Likikosekana moja, tafuta ni la nani kabla hujarudisha watu kazini.

Nenda, mwanangu. Nyasaye, Mungu wetu, akupe mikono isiyo na pupa, na pasiwe na mfiwa atakayekupigia simu ukalikosa jina lake.