Siku Tuliyokwenda Kuchagua Amplifaya

Jumanne nilipigiwa simu nikiwa nakula. Jirani yangu wa zamani hapa Nyasubi amefariki huko Isaka, amegongwa na lori lililokuwa likirudi nyuma kwenye uwanja wa mizigo. Dereva anasema alipiga honi, na waliokuwapo wanasema hivyo hivyo. Naamini. Nilikata simu, nikamaliza ugali uliobaki, nikanawa mikono. Sikulia, na hadi ninapoandika haya sijalia. Msomaji aniwie radhi nikianza na jambo dogo, maana ndilo linalonijia kila nikikaa: siku niliyomsindikiza kununua amplifaya ya redio ya nyumbani.

Alikuwa mtu wa machimbo tangu ujana. Miaka mingi alifanya kazi kwenye karasha, mashine ile ya kusaga mawe ya dhahabu, kisha akapewa kushika kamba mdomoni mwa duara, yaani shimo wanaloshukia wachimbaji. Mshika kamba haoni kilichopo chini, anasikiliza tu. Wakiita vuta, anavuta. Wakiita acha, anaacha. Wakati huo mtaani walikuwa wameanza kumsema. Vijana wakimpa shikamoo alipita bila kuitikia, wakasema dhahabu imempandisha kichwa. Nyumbani redio yake ilinguruma mpaka mkewe akahamishia jiko nyuma ya nyumba. Mwenyewe alisema amplifaya imechoka, anataka yenye nguvu zaidi.

Dukani hakuuliza kitu. Alinyanyua amplifaya moja moja, akaipima kwa mkono, akairudisha. Muuzaji, mama wa makamo, alimtazama akashindwa kuvumilia. "Baba, unachagua amplifaya au mbuzi wa mnadani?" Akajibiwa kwamba machimboni jiwe zito linalovuta mkono ndilo huwekwa pembeni, maana ndilo lenye dhahabu. Mama yule akasema hajakosea sana, transfoma nzuri ina uzito wake, ila wapo wajanja wanaowajua wachimbaji. Akatoa chini ya meza moja iliyorudishwa na mteja, nzito kuliko zote, akaifungua kwa bisibisi. Ndani palikuwa na kipande cha chuma kilichofungwa kwa skrubu, hakijaunganishwa na waya hata mmoja. Tulicheka sote watatu.

Kisha akamkalisha mbele ya spika, akasema amplifaya huchaguliwa kwa sauti ndogo, kwa sababu sauti kubwa huficha kasoro. Akaweka kwaya. Mimi nilisikia vizuri, hata pumzi za waimbaji. Jirani yangu alikaa ameinamisha kichwa, mikono magotini, akingoja.

"Haya mama, washa basi."

"Imewaka, baba. Wanaimba tangu ulipokaa."

Hakuna aliyecheka. Mama akazungusha kitufe taratibu, akiangalia uso wake. Wenye maduka ya jirani walikuwa wameshageuka kutazama ndipo yeye akainua kidole kwamba sasa anasikia. Alinunua ndogo iliyo safi, kwa ushauri wa mama yule, aliyemwambia kwamba kubwa ingemwongezea kelele, si maneno. Asogeze tu spika karibu na kiti. Njiani aliibeba kifuani kama mtoto. Tulipokaribia kwake akasimama. "Juzi wale wa chini ya duara walikuwa kimya muda mrefu," alisema. "Sasa sijui kama walikuwa kimya."

Asubuhi yake alikwenda machimboni akamwambia mwenye duara, mbele ya wote, kwamba hawezi tena kushika kamba kwa sababu hasikii. Hakuna aliyekuwa amemgundua. Angeweza kuendelea hadi siku watu wafe. Nasikia walimpa mkono mmoja mmoja, wakamnunulia soda, wakamwambia msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Mwenye duara akampa kamba mtu mwingine siku ile ile. Yeye akakaa nyumbani miezi kadhaa na redio yake, halafu akaenda Isaka kupakia magunia, kwenye malori, kwa kuwa huko hakuna aliyemuuliza habari za masikio.

Msibani wale wachimbaji walikuja wengi. Walisimama nyuma, kofia mikononi, na mmoja akamwambia mjane, "Mama, sisi tuko hai kwa ajili yake." Mjane akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa karibu, nikatamani kuhisi kitu. Nilichokuwa nacho ni wazo moja tu: kando ya duara lile kuna watu wanaokaa kivulini wakichambua mawe kwa macho na mikono. Kazi ile haihitaji masikio. Siku ile ya soda hakuna aliyeitaja. Yeye hakuiomba, na wao hawakuifikiria. Sisi tunajua sana kumsifu mtu aliyesema ukweli unaomgharimu. Lakini ukweli ule uliwafaa wao, na gharama ilibaki kwake peke yake. Mtu wa namna hiyo akishamaliza kusema, asifiwe, sawa. Kisha asiachwe aondoke kabla hajaonyeshwa pa kukaa.