Ramani Yangu Ilivyomuumbua Baba

Jamani, hata leo nikiona ramani ukutani masikio yananiwaka moto, na mke wangu akinikuta hivyo hucheka hadi anashika mlango.

Ilikuwa miaka ya sabini, nimemaliza digrii ya uchumi, na profesa wangu akanituma kwetu Nakuru kupima kama sehemu maskini zinazifikia zile tajiri kwa kipato, na kama kukaa jirani na tajiri kunamwinua mtu haraka (hesabu yenyewe ilijaza kurasa, lakini tulichohesabu hasa ni mabati, mahindi na ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi). Njoro, kwetu, ilikuwa juu. Rongai ilikuwa chini lakini ikipanda ajabu, hasa upande unaopakana na sisi, nami nikashangilia kwamba kumbe utajiri unaambukiza!

Chifu wa Rongai akaitisha baraza niwaeleze watu matokeo. Profesa alikuwa ameniambia nisome tu, nisitaje mtu. Lakini mstari wa mbele alikaa Mzee Sigei wa hapo hapo Rongai, babake Chebet, msichana niliyemposa, na kando yake baba yangu, amekuja na koti lake la harusi kumsikia mwanawe msomi. Majuzi tu baba alikuwa amemlilia Mzee Sigei kwamba ugonjwa umefagia zizi lake, na mzee kwa huruma akapunguza mahari ikabaki jina tu (hata mimi nililia, maana niliamini). Basi nikataka mkwe ajue amepata kichwa, nikaweka karatasi kando.

"Mfano mzuri," nikasema, nikigonga ramani kwa fimbo ya chifu, "ni Mzee Koros. Juzi hakuwa na kitu, leo zizi limejaa gredi! Mzee, simama wakuone!"

Mzee Koros akasimama polepole. "Asante, kijana. Lakini hizo ng'ombe si zangu. Ni za babako. Aliziweka kwangu tu."

(Kwetu watu huweka ng'ombe kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa ukiingia nyumbani usimalize wote, na anayewatunza anakunywa maziwa. Nilikuwa nimemuuliza Koros zizini ana ng'ombe wangapi. Ni wa nani sikuuliza, kwa sababu mtu aliyelelewa vizuri kwetu haulizi.)

Uwanja ulilipuka kwa kicheko, baba akavuta kofia hadi puani. Nikabwata kwamba labda mzee amechanganya, naye, maskini, akitaka kunisaidia, akaanza kuwataja ng'ombe kwa majina, na fahali wa mwisho anaitwa kama mimi.

Mzee Sigei peke yake hakucheka. Niliogopa, nikajua Chebet ameniponyoka. Akainuka, akaja hadi kwenye ramani.

"Msomi, hebu onyesha tena. Hiyo boma iko wapi?"

Nikaonyesha, ningefanyaje?

"Ni karibu na kwangu. Vizuri, hizo ng'ombe hazitachoka njiani." Akamgeukia baba: "Mzee mwenzangu, tutakaa chini upya."

Baba akaninong'oneza, "Nimekusomesha uje kunihesabia?"

Wakakaa upya, ng'ombe wakahama hadi kwa mkwe, karibu wote, na fahali mwenye jina langu akiwa mbele, ndipo Chebet akaja kwetu. Baba alininunia hadi mjukuu wa kwanza alipozaliwa, na tangu hapo sitoi mfano mbele za watu bila kumuuliza baba kwanza.

Profesa naye nilimwandikia kila kitu. Akauliza kama tufute hesabu ya Rongai. Nikamjibu aiache ilivyo, kwa sababu sasa ni ya kweli, ng'ombe ni wa Rongai kabisa: nimeoa.