Mbuzi Asiyeguswa

Nilikuwa na umri wa miaka tisa, na kazi yangu ya kila asubuhi kabla ya shule ilikuwa kumtupia majani mbuzi ambaye hakuna mtu nyumbani kwetu aliyeruhusiwa kumgusa. Nasema kumtupia kwa sababu ndivyo nilivyofanya. Nilisimama mbali kidogo, nikabana pumzi, nikarusha mzigo wa majani, nikausukuma kwa ufito mpaka umfikie, kisha nikakimbia hadi mbele ya nyumba ndipo nikavuta hewa. Leo nafuga mbuzi wangu mwenyewe, na watu huniuliza nilisomea wapi. Sikusomea. Nilianza kujifunza kwa yule mmoja, wala si kwa kupenda.

Kwetu ni nje kidogo ya Mambrui, upande wa kwenda Marereni, ambako baba alifanya kazi ya chumvi na kurudi nyumbani Jumamosi. Waliokuwapo siku zote ni mama, sisi watoto watatu, Hawe, yaani bibi yetu mzaa baba, na Shangazi Sidi, dada mdogo wa baba. Shangazi alikuwa ameolewa akarudishwa kwa sababu ya maradhi ya kuanguka. Akiwa anapepeta mahindi, mara anadondoka, mwili unakakamaa, povu linamtoka, na akizinduka mdomo umejaa damu. Mumewe alimleta na sanduku lake la nguo, akabaki na watoto wao wawili. Alisema hiyo si talaka. Akipona, akakaa miaka miwili bila kuanguka, atakuja mtu kumchukua.

Hawe akaita mganga. Mganga alisema Shangazi ana pepo, na pepo huyo amekubali kuhama mradi apewe pa kukaa. Akachagua mbuzi jike mwekundu, mdogo, ndiyo kwanza ameachishwa kunyonya, akamfunga shingoni kamba ya katani iliyozungushiwa kitambaa, akakaza fundo, akatoa masharti. Kamba isifunguliwe wala isikatwe. Mbuzi asiguswe kwa mkono, asiuzwe, asichinjwe. Na Shangazi asimtazame hata mara moja, maana pepo akimwona mwenyewe atarudi alikotoka. Kwa hiyo mbuzi akafungwa nyuma ya jiko, upande ambao Shangazi hakupita tena.

Na Shangazi akapona. Hilo lazima niliseme kama lilivyokuwa. Miezi ikapita hakuanguka. Akanawiri, akawa anaimba akifua, na Hawe akawa anahesabu miezi kwa vidole na kucheka peke yake.

Mbuzi naye akakua. Kamba haikukua. Ni jambo dogo kiasi hicho, na hakuna mtu mzima aliyelifikiria, au kama alilifikiria hakulisema. Mganga alikuwa amehama, tukasikia yuko upande wa Mto Tana, na hakuna aliyemfuata kumuuliza.

Kwanza manyoya ya shingoni yalinyonyoka. Kisha pakawa na mstari mbichi wenye majimaji. Halafu nyama ikavimba juu na chini ya kamba mpaka kamba yenyewe isionekane. Palibaki mfereji uliozunguka shingo, na ndani ya mfereji kitu cheusi kilicholowa. Usaha ulishuka hadi kifuani ukagandamana na manyoya. Nzi wa kijani wakaja, na baada ya nzi wakaja funza. Niliwaona wakichemka mle ndani kama wali unaokaribia kuiva, na tangu siku hiyo nilikaa muda mrefu siwezi kula wali. Mbuzi akitafuna, kidonda kilifunguka na kufumbika. Akijaribu kulia, sauti haikutoka, ila pumzi tu.

Uvundo wake ulikuwa na utamu ndani yake, kama papai lililosahauliwa gunini, na utamu huo ndio ulionishinda. Uliingia kwenye sare zangu za shule. Uliingia kwenye uji. Tulikuwa tukila chini ya kivuli kando ya jiko. Tukahamia barazani, kisha tukahamia upande wa pili kabisa wa nyumba. Hakuna aliyetaja sababu. Hawe alisema upepo umegeuka, akabeba mkeka, nasi tukabeba sahani tukamfuata.

Asubuhi moja mbuzi hakungoja majani. Alivuta mpaka mwisho wa kamba aliyofungiwa kwenye kigingi, akaninyooshea shingo, kama mbuzi anavyofanya akitaka kukunwa. Nilimpiga kwa ufito. Nilimpiga usoni, kwa nguvu, kwa sababu alinikaribia.

Siku hiyo nilimwambia mama kwamba mbuzi anaoza.

"Nyamaza," mama akasema. "Wataka shangazi yako aanguke?"

Baba, Jumamosi, alisema hayo ni mambo ya mama yake, yeye hayaingilii. Nikaenda kwa Hawe. Alikuwa anakuna nazi, wala hakuacha.

"Akifa mwenyewe ni amri ya Mungu," akaniambia. "Lakini mkono wa mtu usiwemo. Siku kamba ile ikikatwa, Sidi ataanguka. Ukumbuke nimekwambia."

Sikumwona Hawe kuwa katili, na hata leo simwoni hivyo. Ndiye aliyekuwa akimshika Shangazi kichwa wakati wa kuanguka, na kidole chake kimoja kilikuwa na kovu la meno ya mwanawe.

Kuku walikuwa wamepagundua pale nyuma ya jiko kabla ya watu. Walikaa chini ya mbuzi kuokota funza waliodondoka. Mmoja, kuku mweupe mwenye shingo tupu, alijifunza kuruka na kudonoa kwenye kidonda chenyewe. Mbuzi alisimama tu, macho yamefumbwa. Nilidhani kuku anamsaidia. Pengine kweli alikuwa anamsaidia zaidi yetu sote.

Miaka miwili ilipokaribia kutimia, wakati wa likizo ya Agosti, alikuja mgeni. Alikuwa Mzee Kahindi, mjomba wa mume wa Shangazi, ametumwa kutazama kama ni kweli amepona na kupanga siku ya kumrudisha. Shangazi alivaa leso mpya. Alimpa shikamoo kwa magoti, akamletea maji ya kunawa. Hawe akaagiza kuku achinjwe. Alikamatwa yule mweupe, kwa kuwa ndiye aliyenona.

Chakula kilipoandaliwa niliitwa nile pamoja na wengine. Niliona paja la kuku kwenye mchuzi wa nazi, mafuta yakielea juu. Nilitapika palepale, pembeni mwa mkeka, mbele ya mgeni.

"Huyu mtoto mgonjwa?" Mzee Kahindi akauliza.

"Ni jua," Hawe akasema.

"Si jua," nikasema. "Huyo kuku alikuwa anakula funza shingoni mwa mbuzi. Nilimwona."

Mzee Kahindi alirudisha tonge lake sahanini, akanawa mkono taratibu, kidole kimoja kimoja. Mama alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji.

"Funza gani, Kadzo?" akauliza.

Hakuna aliyenizuia, basi nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

Akaweka jagi chini. Hawe akamshika upindo wa leso.

"Sidi, kaa chini, mwanangu. Mgeni amekuja kwa ajili yako. Watoto wako wanakungoja."

"Najua, mama."

"Ukimtazama tu, umekwisha."

Shangazi aliutoa mkono wa mama yake polepole, bila kuuvuta. Akachukua kisu jikoni, akazunguka nyuma, nami nikamfuata. Hakuziba pua. Alimtazama mbuzi kitambo kirefu, kisha akainama ukutani akatapika, akapangusa mdomo kwa ncha ya leso yake mpya, akapiga magoti kwenye mavi ya miezi mingi.

"Mshike miguu," akaniambia.

Ndiyo mara ya kwanza kumgusa. Alikuwa mwepesi, mifupa na ngozi, na kupe wamejaa masikioni. Shangazi alitafuta kamba kwa kidole ndani ya nyama mpaka akaipata. Aliikata, lakini haikutoka. Nyama ilikuwa imeifunika, ikabidi aivute kidogo kidogo, na ilitoka na vipande vya ngozi, na funza wakammwagikia viganjani hadi kwenye vifundo vya mikono. Nilisikia sauti ya kuvutika kwake. Hata sasa siwezi kuivua soksi iliyolowa bila kuikumbuka. Mzee Kahindi alikuwa amesimama pembeni ya jiko, kitambaa puani. Hakutukaribia.

Kamba ilipotoka, Shangazi alinituma kwa jirani yetu Bi Zuhura, aliyefuga mbuzi wa maziwa na kufagia banda lao kila asubuhi kama sebule. Alikuja na chupa ya dawa ya buluu ya kupulizia vidonda. Alichemsha maji ya chumvi na majani ya mwarobaini, akayaacha yapoe, akasafisha mfereji ule kwa kitambaa, akawatoa funza mmoja mmoja kwa kijiti. Ilichukua mpaka alasiri ikapita. Alipomaliza alimgeukia Hawe, aliyekuwa amekuja kusimama pale nyuma ya jiko.

"Mnyama hana mdomo wa kushtaki hapa," akasema. "Mbele ya Mola anao."

"Wewe hukumwona mwanangu akianguka," Hawe akajibu.

Mzee Kahindi aliaga, akasema atawaeleza waliomtuma alichokiona. Hatukujua kama alimaanisha funza au kamba iliyokatwa. Pengine kwake yalikuwa jambo moja.

Mbuzi alipona. Kila siku, kwa wiki kadhaa, nilienda kwa Bi Zuhura kuomba dawa, naye akawa ananifundisha huku ananipimia: kutazama kwato, kutazama kope kama zimepauka, kubadilisha maji hata kama jana hayakunywewa, kutomfunga mnyama kwa kitu usichoweza kupitisha vidole viwili chini yake. Manyoya hayakuota tena pale shingoni, na sauti yake ilirudi imepasuka, lakini alinenepa na mwaka uliofuata akazaa.

Na Shangazi akaanguka. Ilikuwa mwezi wa tatu baada ya kukata kamba, kisimani, mbele ya wanawake waliokuja kuteka maji. Hawe alimshika kichwa kama zamani. Alipozinduka, Hawe hakumlaumu, wala hakunikumbusha aliyoniambia. Alilia tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Habari zilifika kwa mumewe upesi. Alioa mwingine mwaka huohuo.

Baadaye baba alimpeleka Shangazi hospitali Malindi, akaambiwa ni kifafa, akaanza vidonge anavyomeza hadi leo. Huanguka mara chache sana. Watu wa kwetu hata sasa wana maelezo yao, na mimi sibishani nao. Sijui kwa nini hakuanguka ile miaka miwili. Sijui kama kulikuwa na kitu ndani ya yule mbuzi zaidi ya njaa na maumivu. Ninachojua ni kwamba tulikuwa watu wazima watatu na watoto watatu wenye macho, na kila siku tulihamisha mkeka.

Shangazi sasa anakaa mtaa wa Barani, kule Malindi, na binti yake, aliyemtafuta mwenyewe alipokuwa mkubwa. Mwaka jana nilimpelekea maziwa, tukakaa jikoni, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza kama anajuta.

Aliinjika sufuria ya chai.

"Watoto wangu walilelewa na mwanamke mwingine," akasema. "Hilo linaniuma kila siku. Lakini kinyaa chote cha siku ile, Kadzo, hakikuwa cha mbuzi. Nilikuwa nikiusikia ule uvundo miezi yote, na nilijua unatoka upande gani. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimepona. Ningeweza kurudi kwa mume wangu, nikala, nikalala, naye akabaki pale anaoza. Ningeweza kabisa. Usingetapika, ningekwenda."

Alinimiminia chai, akaniuliza habari za wanangu. Nilimjibu ya wanangu. Yeye alisikia harufu tu. Mimi nilikuwa nimeona, na pigo la usoni nililompa yule mnyama sijamwambia mtu yeyote mpaka leo ninapoliandika.