Tambazi Halichomwi Sindano

Marsiana wa Idete hakuwa mtu wa kununa. Muulize yeyote aliyewahi kupandikiza naye mpunga. Alikuwa na mdomo, huyo, anataniana na bonde zima. Ulipomtoka uvimbe pajani, mama mkwe wake, Theresia, aliubonyeza mara moja tu akatoa hukumu: tambazi. Na tambazi, kila mtu kule anakuambia, halichomwi sindano. Ukilichoma, limekuua. Miezi ikaishia kwenye kubandika majani, na uvimbe ukazidi kunenepa.

Alipofika hospitali mjini Ifakara alikuwa anachechemea. Wakamchoma, wakatoa kipande cha nyama wakakipima, na majibu yakaja: saratani ya misuli, ya aina ambayo daktari mwenyewe alikiri ameikuta mara chache. Na haikuwa peke yake. Sukari juu, presha juu. Upasuaji wa kuokoa mguu ungefanyika, lakini kwanza sukari ishuke, la sivyo kidonda hakitapona. Akapewa insulini ya kujichoma mwenyewe asubuhi na jioni. Nesi Ritha akamwelekeza mbele ya mumewe, Evod, na mama mkwe: kwa kuwa nyumbani hakuna friji, chupa ikae kwenye chungu chenye mchanga mbichi, kivulini. Jua linaiua dawa.

Akajichoma. Sukari haikushuka. Daktari akamkaripia kwenye foleni, watu wanasikia, eti anakunywa soda kwa siri. Soda! Mtu ambaye hata uji haumpiti kooni. Usingizi ukamhama. Akawa anakaa kwenye dungu la kuamia ndege, na ndege wanakula mpunga mbele ya macho yake, hanyanyui mkono. Ritha akasema hiyo ni sonona, ugonjwa kama ugonjwa mwingine, una dawa zake. Evod akasema ni kiburi. Mwanaume mzima, na hicho ndicho alichokiona.

Siku moja maumivu yalimrudisha nyumbani mapema, jua likiwa kali. Akaikuta chupa yake juu ya bati la banda la kuku, imeanikwa kama dagaa. Theresia alikuwa amekaa pembeni anapepeta mchele, wala hakushtuka.

"Naianika kila siku ukitoka," alisema. "Jioni nairudisha. Nisingeianika, hizo sindano zingeshakuua. Nimekulinda, mwanangu."

"Evod anajua?"

"Si mume wako? Asijue kwa nini?"

Marsiana alipandwa na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyomnyanyua, maana kwa muda mrefu hakuwa amehisi chochote. Alifunga nguo zake akaenda kwa dada yake Jenifer, kule Lumemo. Huko alijichoma dawa mpya, akameza na za sonona, sukari ikashuka. Lakini uvimbe haukuwa umemsubiri. Ulishaingia kwenye mfupa. Wakaukata mguu.

Theresia alikuja wodini na uji wa moto kwenye chupa ya chai. Akasimama kando ya kitanda akingoja kuamkiwa, kama mkwewe huyu alivyomwamkia kila asubuhi ya ndoa yake. Marsiana alimtazama usoni. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kutazama.

"Hata shikamoo, Marsiana?" Theresia aliuliza.

"Mguu wangu umeshauchukua," Marsiana akamjibu. "Shikamoo sikupi."